Siku Tulipogundua Madini ya Mto Kibwe

Nchi yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa madini. Jirani wa kaskazini ana dhahabu. Wa kusini ana almasi. Hata yule wa magharibi, ambaye watu wake hawajui kupanga foleni, ana shaba mpaka anaezekea mabanda ya kuku. Sisi tulikuwa na upepo, wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na Wizara ya Madini yenye wafanyakazi mia tatu ambao kazi yao ilikuwa kusubiri madini yapatikane. Mmoja wao ni mimi. Naitwa Ngwali, karani wa Dirisha la Tatu, Idara ya Vibali. Miaka ishirini na sita nimekaa dirishani na muhuri uliokauka wino, na sikukosa kazini hata siku moja. Msinicheke. Kusubiri nako ni kazi, na si kila mtu anaiweza.

Mto Kibwe unapita katikati ya mji mkuu. Ulikuwa mto wa maji, kama mito ya watu wengine, mpaka alipokuja Mwekezaji. Jina lake silitaji, kwa sababu sheria inamtaka anayelitaja awe amesimama, nami naandika nimekaa. Mwekezaji alijenga kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, pale juu mto unapoingia mjini. Betri zenyewe zilitoka nchi za mbali, maana huko kwao watu wameshasoma sana, hawataki tena kuziyeyusha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tukampa ardhi, tukampa walinzi, na bomba lake la majitaka tukaliacha lishuke lenyewe mpaka mtoni, kwa kuwa hata bomba lina haki ya kwenda litakako.

Tangu hapo watoto wa kando ya mto hawakuhitaji kalenda. Maji yakiwa ya kijivu ni Jumatatu. Yakiwa ya kahawia ni Jumatano. Yakitoa povu la manjano, basi ni Ijumaa na kiwanda kinasafishwa. Samaki waliondoka bila kuaga. Vyura walijikaza miezi kadhaa, kisha nao wakanyamaza. Wananchi wachache, wale wa kulalamika hata jua likichomoza, walisema matumbo yanawauma. Serikali yetu sikivu haikuwapuuza. Ilimtuma Mkemia akapime.

Kosa lilianzia hapo. Zamani Mkemia akitumwa kupima mto alikuwa akichota maji kwenye bomba la ofisi ya Waziri, ambalo ndilo bomba lenye hadhi ya kuuwakilisha mto, na majibu yalikuwa mazuri kila mwaka. Lakini safari hii Mkemia alikuwa Bi Kalunde, mwanamke mwembamba, mgeni kazini, asiyejua kucheka na wakubwa. Alivaa viatu vya mpira akaenda mtoni kwenyewe. Alichota maji mahali kumi na mbili. Akachota na tope. Akang'oa na mchicha wa ukingoni akaupima. Kisha akaandika ripoti ya kurasa tisini, juu ya bahasha akaandika kwa herufi kubwa: METALI NZITO KATIKA MTO KIBWE.

Barua hiyo ilikuwa ya Wizara ya Maji. Lakini masjala yetu ina utaratibu wake: bahasha haifunguliwi, husomwa kwa juu tu, ikapelekwa inakostahili. Tarishi aliona neno metali, akaileta kwetu. Mimi ndiye niliyeipokea. Niliipokea kwa mikono miwili, maana ilikuwa barua ya kwanza kuletwa Dirisha la Tatu tangu niajiriwe.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Tindwa, hasomi kurasa tisini. Alifungua kwenye jedwali, akaona: risasi, zebaki, kadimi, na mbele ya kila moja tarakimu ndefu. Akamwita Bi Kalunde, nami nikaitwa kushika kalamu.

"Haya yote yamo mtoni?"

"Yamo, Mheshimiwa. Risasi ndiyo nyingi kupita zote. Inatoka kwenye betri."

Waziri akavua miwani, akalia. Miaka yote ile, akasema, tunadharauliwa kwenye mikutano, tunakalishwa karibu na mlango wa choo, kumbe utajiri unapita chini ya daraja letu tunautupia maganda ya ndizi. Bi Kalunde akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza mara ya pili, kwamba huo si utajiri. Ni sumu. Ukurasa wa kumi na nne unaonyesha damu za watoto mia moja aliowapima, na watoto hao wanaharibika ubongo.

Mheshimiwa akamtazama kwa huruma. "Bi Kalunde," alisema, "hata dhahabu ukiimeza itakukaba. Tatizo si madini. Tatizo ni wananchi kuyameza."

Niliyaandika maneno hayo kwa wino mwekundu, na mpaka leo yametundikwa ukumbini. Bi Kalunde alishukuriwa kwa ugunduzi wake, akapandishwa cheo, akapelekwa mpaka wa jangwani kupima umande.

*

Sherehe ya kuuzindua mgodi ilifanyika ukingoni mwa mto. Wageni waligawiwa barakoa zenye rangi za bendera, kwa sababu ya harufu. Mheshimiwa alianza kwa methali, kama ada yake: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alisema hayo akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Kisha akamwita Mwekezaji jukwaani, tukasimama sote, akamvisha nishani.

"Wawekezaji wa wenzetu," alisema, "huchimba madini wakayapeleka kwao. Huyu wetu anayatoa kwao, anakuja kuyamwaga kwetu. Nionyesheni nchi nyingine yenye bahati hii."

Hakuna aliyeweza kuionyesha. Tukapiga makofi mpaka barakoa zikatudondoka, ndipo tukaacha.

Wiki hiyohiyo Bunge likapitisha Sheria ya Madini ya Majimaji. Kifungu cha pili kilisema mto si mto tena, ni mgodi, na anayetaka kuchota ndoo awe na leseni ya mchimbaji mdogo. Kifungu cha nne kilisema madini yote yaliyotoka mtoni ni mali ya serikali, popote yalipo: kwenye maji, kwenye tope, kwenye mboga, au ndani ya chombo chochote kinachoyahifadhi. Muhuri wangu ukapata wino. Foleni ikajaa. Nilikuwa nikirudi nyumbani mkono umevimba, mke wangu ananikanda kwa maji ya moto, nami nafurahi.

*

Sasa nawaeleza habari ya Zamoyoni, maana wengine wameieleza vibaya.

Zamoyoni ni mkulima wa mchicha kando ya mto, mwanamke wa makamo, mjane. Ana mtoto mmoja, Semeni, binti wa miaka saba. Semeni alikuwa na kichwa chepesi. Alipokuwa na miaka mitano aliweza kuhesabu mpaka mia bila kupumzika. Alipofika sita akawa anasimama sitini. Alipofika saba akifika arobaini anakwama, anatazama mdomo wa mama yake, anaanza kulia. Tumbo lilimsokota. Vidole vilitetemeka. Alikuwa mmoja wa wale watoto mia wa ukurasa wa kumi na nne, na Bi Kalunde kabla ya kupandishwa cheo alimwandikia Zamoyoni kikaratasi: kuna hospitali ng'ambo ya mpaka, mwendo wa nusu siku, wana dawa ya kuitoa risasi mwilini. Mpeleke upesi. Akichelewa, kilichoharibika hakirudi.

Zamoyoni alimbeba mwanawe akaenda. Lakini mpakani palikuwa pameshafungwa mashine mpya ya kunasa wanaotorosha madini. Wanaume wawili wenye magunia walipita, mashine kimya. Alipopita Semeni, mashine ikapiga kelele mpaka askari wakalala chini. Walipoinuka wakamwambia mama kwamba amekamatwa na mzigo wa serikali usio na kibali. Kwa kuwa ni mara yake ya kwanza hawatamfunga. Aende Dirisha la Tatu.

Akaja. Akasema shikamoo, nikaitikia marahaba mwanangu, nikachukua fomu. Nilimwuliza yote kama inavyotakiwa: aina ya mzigo, uzito, na kama ni madini ghafi, makinikia, au yaliyokwisha kusafishwa. Alisema ni mwanawe. Nikaandika ghafi. Hapo ikabidi nimweleze, kwa upole, kwamba sera ya taifa inakataza kusafirisha madini ghafi. Ni lazima kwanza yaongezwe thamani hapahapa nchini, na kiwanda cha kuongeza thamani bado hakijajengwa, ingawa jiwe lake la msingi limeshawekwa mara tatu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, maana wapiga kelele nina utaratibu nao. Alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa, na wiki nzima. Semeni alikuwa akihesabu vigae vya sakafu. Akifika arobaini ananyamaza, anaanza upya. Nilijaribu kutomsikiliza, nikashindwa, na chai yangu ya saa nne ikawa inapoa mezani.

Siku ya nane Zamoyoni alikuja dirishani.

"Mzee Ngwali, risasi iliyomo mwilini mwa mwanangu ni ya nani?"

"Ya serikali. Kifungu cha nne."

"Na mali ya serikali hutunzwa na nani?"

"Na serikali."

"Basi pokea," akasema, akamkalisha mtoto juu ya meza yangu. "Naomba stakabadhi. Mimi nitakaa hapa kama mlinzi wa mzigo. Mshahara sitaki."

Nilifungua kanuni. Nikazisoma mwanzo mpaka mwisho, kisha mwisho mpaka mwanzo. Hapakuwa na kanuni ya kukataa madini yanayoletwa na mwananchi kwa hiari. Nikamwandikia stakabadhi.

*

Wizara yetu ina Chumba cha Hazina. Kilijengwa kabla yangu, sakafu ya marumaru, kiyoyozi, milango miwili ya chuma, na hakijawahi kuhifadhi kitu isipokuwa viti vilivyovunjika. Viti vikatolewa, Semeni akaingizwa, mama akaweka mkeka mlangoni. Kanuni za utunzaji ni kali: hazina isikae kwenye vumbi, isikae kwenye unyevu, na isiguswe na maji ya Mto Kibwe, yasije yakaichanganya na madini ambayo hayajaandikishwa. Kwa hiyo ilibidi apewe maji yanayonywewa na sisi maofisa, yale ya chupa yanayotoka kwa jirani wa kaskazini. Akapewa na chakula cha kantini, maana hazina ikipungua uzito anaulizwa mtunzaji.

Habari ikashuka mtoni upesi kuliko majitaka. Kesho yake walikuja akina mama wanne. Mwisho wa mwezi watoto walikuwa sitini na watatu, kila mmoja na stakabadhi, na akina mama wamejaa kwenye ngazi wakichambua mchele. Mheshimiwa alikuja kukagua. Alifurahi kupita kiasi. Alisema hajawahi kuona hazina ya taifa ikijaa kwa moyo wa uzalendo namna hii, akaleta mabalozi wakapiga nao picha. Balozi mmoja aliuliza mbona almasi zenyewe zinakohoa. Akaambiwa ni madini ya hapa, yana tabia zake.

Nami nakiri jambo. Asubuhi moja napita mlangoni nilimsikia Semeni akihesabu vyuma vya dirisha. Arobaini. Akanyamaza, nami nikasimama. Halafu akasema arobaini na moja. Arobaini na mbili. Mama yake alifunika uso kwa kanga. Nilifurahi, nasema kweli, ingawa hakuna kanuni iliyonitaka nifurahi.

*

Mwezi wa pili ulipotimia, hazina ikapimwa. Tarakimu zilikuwa zimeshuka, kwa kila mtoto.

Lo, wizara ikapinduka. Risasi ya serikali imeibwa, tena ndani ya milango miwili ya chuma. Walinzi wakapekuliwa. Kanga za akina mama zikakung'utwa. Vyoo vikazibuliwa na wataalamu wawili wenye shahada. Kamati ikaundwa, ikasafiri nje kujifunza, ikarudi na masanduku mazito na jibu jepesi: wezi ni maji ya chupa. Mtoto akinywa maji safi, mwili unaitoa risasi kidogokidogo. Kumbe tulikuwa tukiihujumu nchi kwa mikono yetu wenyewe, chupa kwa chupa.

Mheshimiwa hakukawia. Aliamuru watoto wote sitini na watatu warudishwe mtoni ifikapo Ijumaa, wanywe maji ya mgodi asubuhi na jioni mpaka hazina irudie kiwango chake. Alitia sahihi, akanikabidhi niwaandikie hati za kurudi.

Zamoyoni alipoisikia amri hiyo alikuja dirishani akiwa amemshika Semeni mkono. Macho yake yalikuwa makavu. Aliniuliza hati huandikwaje. Nikamwambia kwanza mzigo hupangwa daraja kwa mujibu wa vipimo vipya, ndipo hurudishwa. Nikafungua daftari la vipimo. Kidole changu kikasimama kwenye jina la Semeni, kisha nikakirudisha nyuma nikasoma tena, maana sikuamini.

"Huyu yuko chini ya kiwango," nilisema.

"Kiwango cha kupona?"

"Kupona bado. Kiwango cha biashara. Risasi iliyobaki ni ndogo, haifai kuchimbwa."

"Na madini yasiyofaa kuchimbwa mnayaitaje?"

"Makapi," nilisema. "Kitu kisicho na thamani kwa taifa."

"Makapi hurudishwa mgodini?"

"Hapana. Kanuni ya thelathini. Makapi hayarudishwi, yanaharibu daraja."

"Yanahitaji kibali cha kuvuka mpaka?"

"Hayahitaji. Hutupwa popote."

Aliegemea dirisha. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kusikia pumzi yake. "Niandikie, Mzee Ngwali," alisema. "Niandikie kwamba mwanangu hana thamani."

Kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kumwandikia mtu maneno hayo. Tumewahi kumaanisha, sikatai, lakini kuandika ni jambo jingine. Semeni alikuwa akinitazama, kidevu chake kinafika ukingo wa dirisha. Nikachukua karatasi yenye nembo, nikaandika kwa hati yangu nzuri: Inathibitishwa kwamba Semeni binti Zamoyoni, umri miaka saba, amepimwa na Wizara na kuonekana hana thamani yoyote kwa taifa hili. Asizuiwe. Nikagonga muhuri. Zamoyoni aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani, akaondoka hata bila kuaga.

Nilisikia baadaye ya mpakani. Askari alikisoma cheti chote kwa sauti, akamtazama mtoto, akainua kizuizi. Hakumpekua. Kitu kisicho na thamani hakipekuliwi. Jioni hiyo Semeni alikuwa kitandani kwenye hospitali ya jirani, dawa zinashuka mkononi, na majirani zetu wale wa kaskazini hawakuuliza kama ni ghafi au makinikia.

*

Kesho yake nilipofika kazini nilikuta foleni. Kwanza walikuwa wale akina mama sitini na wawili wa kwenye ngazi. Nilipowapima watoto wao kwenye daftari, wote walikuwa makapi, nikaandika mpaka kalamu ikaisha. Kisha wakaja na wengine wa kando ya mto, wenye watoto ambao hawajawahi kukanyaga Chumba cha Hazina, wanataka nao. Foleni ilitoka getini, ikapita soko, ikateremka mpaka mtoni.

Mheshimiwa aliiona kutoka dirisha la juu, akanipigia simu kuuliza watu wale wanataka nini. Nikamwambia wanaomba vyeti vya serikali. Alifurahi. Alisema sasa ameamini kwamba wananchi wanaipenda Wizara yao, nisimnyime mtu.

Wa mwisho kunifikia alikuwa mwanamke kijana asiye na mtoto mgongoni. Anaitwa Mwanahija, mfua nguo pale darajani. Alisema mwanawe alifariki Jumanne. Alikuwa na risasi nyingi mno, kiwango cha juu kabisa, na kwa hiyo mwili wake umezuiwa chumba cha maiti, umewekewa askari, kwa kuwa kifungu cha nne hakikusema kama kinakoma mtu akifa. Siku ya nne sasa hajazikwa. Alikuwa na jambo moja tu la kuniomba: niandike kwamba naye hana thamani, ampate amzike.

Daftari lilikuwa mbele yangu, na nilijua kipimo cha mtoto kimo, kimeletwa kutoka chumba cha maiti na kupigiwa mstari mwekundu. Sikulifungua. Nilimwuliza jina la mwanawe, akalitaja, nikaliandika, nikagonga muhuri. Ndilo kosa langu la kwanza katika miaka ishirini na sita ya utumishi, nami nimeliandika hapa kwa mkono wangu ili Wizara ilijue.